Nyota tatu kwa seti ya kurekebishia vigae vya vinili, na moja kati ya hizo ni ya kile kisu

Naandika hii nikiwa nimekalia kigae chenyewe, maana gundi inataka uzito juu yake na uzito uliopo karibu humu ndani ni mimi. Madumu ya maji yote yamekaa kwenye vigae vingine viwili. Kwa hiyo nina muda, ngoja niwaambie hii seti ni ya kununua au la.

Sakafu yangu ya jikoni ni vigae vya vinili, zile tailizi za plastiki za mraba wa sentimita 30 kwa 30, rangi ya kijivu zenye mchoro kama wa jiwe. Mwenzangu alivuta friji bila kuinyanyua mbele, mguu mmoja wa friji ukalima mstari kwenye vigae viwili na cha tatu ukakichana kabisa kama karatasi. Juu ya hapo kuna doa la moto mbele ya jiko, mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukatua kifudifudi na mi nikaanza kwanza kupuliza vidole badala ya kuuokota. Na kuna kile cha karibu na sinki ambacho pembe yake imenyanyuka, ukipita bila viatu inakukata kidole gumba. Yaani kila aina ya ugonjwa wa vinili ninao, nikaona basi hii seti nitaijaribu kisawasawa.

Ndani ya boksi kuna vikopo saba vya puti ya rangi, spatula ya plastiki ndogo kama kijiko cha dawa, karatasi tano zenye mikwaruzo ya kuiga mbao na mawe, kitambaa, na kisu cha bledi ya kuvunja. Maelekezo ni kipeperushi kimoja chenye picha tupu. Kwenye kava la boksi wameweka picha ya kigae kilichochanika vipande viwili upande wa kushoto, na kulia kigae kilekile kizima kinang'aa. Hiyo picha ndo kosa lao la kwanza na ndo imekula nyota yangu moja, nitawaambia kwa nini.

Tuanze na inachoweza. Ile mistari miwili ya mguu wa friji, hapo seti imefanya kazi na imefanya vizuri. Lakini uelewe kigae cha kisasa cha vinili kimetengenezwaje, sio plastiki moja kutoka juu hadi chini. Juu kabisa kuna ngozi angavu isiyo na rangi, nyembamba, mara nyingi haifiki hata nusu milimita, chini yake kuna filamu iliyochapwa mchoro, halafu ndo mwili wenyewe wa plastiki. Mkwaruzo ukiishia kwenye ile ngozi ya juu unaonekana mweupe mweupe na ukipaka polishi ya sakafu unapotea au unafifia sana, hauhitaji puti hata kidogo. Ukishapita ukaingia kwenye mchoro, hakuna polishi wala kusugua kutakakorudisha picha iliyokwenda, hapo ndo puti. Vile vigae vigumu vya zamani vya kwenye korido za mashule na mahospitali ni habari nyingine, vile rangi yake imezama mpaka chini kwa hiyo ukivisugua na mashine vinajirudi. Watu wanasoma ushauri wa vile wanakuja kupiga msasa vya kwao vya nyumbani wanaishia na doa jeupe la ukubwa wa sahani. Usipige msasa kigae chenye mchoro wa kuchapwa. Kamwe.

Puti ilinichukua jioni nzima na kazi ilikuwa rangi tu, kujaza ni dakika mbili. Kijivu chao cha kwenye kopo ni kijivu cha bomba la chuma, changu kina ukahawia kidogo ndani yake. Nikachanganya, nikapata, nikajaza, nikalala. Asubuhi naamka nakuta mstari mweusi kama mtu kapitisha kalamu. Puti ikikauka inakoza. Ikabidi niikwangue yote na nianze upya, safari hii nikawa napaka tone kwenye mfuniko wa ndoo, nasubiri likauke, naweka karibu na sakafu naangalia kwa mwanga wa dirisha na tena usiku kwa taa, maana rangi inayolingana mchana inaweza kukuaibisha usiku. Jaribio la nne ndo likakubali. Halafu inasinyaa, kwa hiyo jaza tabaka jembamba, iache, rudia, usiimwage yote kwa mpigo. Ile karatasi ya mikwaruzo unaiweka juu puti ikiwa bado laini kidogo unakandamiza, inaacha alama kama za kigae chenyewe na kweli inasaidia, mana bila hivyo puti inang'aa kama kamasi. Leo ukisimama huoni. Ukipiga magoti unaona, lakini nani anapiga magoti jikoni kwangu.

Doa la moto: nusu nusu. Kwanza unakwangua ule weusi wote na bledi mpaka ufike kwenye plastiki safi, ukijaza juu ya masizi puti haishiki. Langu lilikuwa upana wa kidole gumba na limetokea sawa, ila mchoro wa jiwe haupo pale, kuna kijivu kitupu. Kama doa lako ni kubwa kuliko hapo usipoteze puti, badilisha kigae.

Na madoa ya njano chini ya kapeti la mlangoni? Hayo nilijua ni uchafu, nimeyasugua mwaka mzima kwa kila sabuni iliyowahi kutengenezwa. Kumbe ni lile kapeti lenyewe, yale yenye mpira chini, mpira na vinili havipatani, kemikali za kwenye mpira zinaingia ndani ya kigae na kukibadilisha rangi. Sio juu, ni ndani. Haitoki. Nimelitupa kapeti na doa nimeliacha kama kumbukumbu.

Sasa picha ya kwenye boksi. Kigae kilichochanika hakijengeki kwa puti, nimejaribu kwa sababu nimelipia. Nikaunganisha pande mbili, nikajaza ufa, nikaweka karatasi, nikasubiri siku mbili. Ikashika kama siku kumi. Vinili ni laini, inakunjika kila unapokanyaga, na puti ikishakauka haikunjiki, basi ufa ukafunguka palepale na sasa ukawa na kingo mbili zenye magamba. Wangeandika tu kwamba ni kwa mikwaruzo tungeheshimiana.

Basi ikabidi kigae kibadilishwe, na hapa nianze kusifia kile kisu, maana ndo kitu pekee cha kwenye seti nilichoendelea kukitumia.

Kwanza nikanunua pakiti ya vigae vya kujibandika, vile vyenye karatasi nyuma unabandua unaweka. Vipimo vilevile, jina la rangi lilelile, hata msimbo uleule. Nimefika nyumbani nimekiweka pembeni ya vya zamani kinaonekana kama jino bandia. Vigae hutoka kiwandani kwa mikupuo na kila mkupuo una namba yake kwenye boksi, rangi inacheza kidogo kati ya mkupuo na mkupuo, halafu vyangu vimepigwa jua la dirishani miaka, vimekaa na moshi wa jiko, kipya hakiwezi kulingana hata kikitoka kwenye mkupuo uleule. Kama unajenga sasa hivi weka boksi moja pembeni na uliandike, mi sikuweka.

Ujanja ni kuiba kigae mahali pasipoonekana, unakihamishia mbele na kile kipya cha jino bandia unakizika kule kwenye giza. Nikaona stoo ndo pazuri, si ni sakafu ileile. Nikakipasha moto kigae cha pembeni nikaanza kukinyanyua polepole na shemeji yangu amenishikia tochi, yeye ni fundi wa mambo ya ujenzi kwa hiyo nilimwita aje aone nisije nikaharibu. Kigae kimenyanyuka nusu, chini yake sio zege. Kuna kigae kingine, cheusi cheusi, kigumu, na kwenye ufa kinatoka kitu kama lami. Mi nimeshanyoosha mkono kuchukua msasa nisafishe.

"Shem, hebu acha hapo. Weka msasa chini."

"Kwani vipi?"

"Nipe futi kwanza nipime."

Akapima kile cha chini. Sentimita 23 kwa 23, kwa kipimo cha zamani inchi 9 kwa 9. Akanyamaza kidogo, akachukua kitambaa kibichi akapangusa vumbi lililokuwepo, akanirudishia kigae cha juu mahali pake kama mtu anayefunika chungu, akaniambia tufunge mlango twende tukazungumzie nje.

Habari yenyewe ni kwamba vigae vya kabla ya miaka ya 1980 vingi vilichanganywa na asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi, kuviongezea nguvu, na ile gundi nyeusi ya lami iliyotumika navyo nayo mara nyingi ilikuwa nayo. Ukubwa wa inchi 9 ni dalili mojawapo, sio uthibitisho, kuthibitisha ni mpaka kipande kipelekwe maabara. Kikiwa kizima kimelala hakina shida na mtu. Shida ni ukikivunja, ukikikwangua kikavu au ukikipiga msasa, nyuzi zake zinaruka hewani huzioni, unazivuta na mapafuni hazitoki, magonjwa yake yanakuja kuonekana miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kama unafukua sakafu ya nyumba ya zamani ukakuta hiyo kitu, usiwe shujaa. Iache, ifunike na sakafu mpya juu, au ita watu wenye kazi hiyo. Kwenye kile kipeperushi cha picha hakuna hata neno moja kuhusu hili, na ndani ya boksi wamekuwekea kisu cha kukwangulia! Nyota ya pili imekwenda hapo.

Jikoni shukrani sakafu ya chini ni zege tupu, iliongezwa baadaye. Tukaiba kigae chini ya friji, palepale penye mkosaji.

Kutoa kigae ni joto na subira. Drai ya nywele inatosha kwa hivi vyembamba vya milimita mbili, au pasi juu ya taulo, usiache pasi imekaa sehemu moja. Unapasha mpaka kinalegea kama ngozi, unaingiza skrepa bapa chini, unakwenda nayo ikiwa imelala, sio kuitikisa juu. Kile unachotaka kukitunza unaanzia ukingoni taratibu sana. Kile kilichokufa usianzie ukingoni, hapa wengi wanaharibu, unapiga bledi katikati alama ya X unatoa kutokea katikati kuelekea nje, maana ukichokoa ukingo skrepa ikiteleza inamkata jirani na sasa una vigae viwili vya kubadilisha. Kisu cha seti kilikata vizuri mno, bledi ikichoka unavunja ncha unaendelea. Na usizidishe joto, plastiki hii ikianza kuungua inatoa gesi yenye asidi, koo linawasha papo hapo. Ukisikia hivyo zima, fungua madirisha, toka kidogo.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo nilifeli, kwa sababu niliifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikatoa kigae kibovu, nikapitisha skrepa mara mbili tatu kwenye gundi ya zamani nikaona inatosha, nikabandika. Wiki tatu baadaye pembe mbili zimenyanyuka na katikati kuna kichunusi. Shemeji alicheka akaniambia shem wewe umebandika kigae kwenye gundi ya zamani, hukubandika kwenye sakafu. Gundi mpya inashika kile inachokigusa, ikigusa vumbi inashika vumbi. Na vinili ikiwa nyembamba hivyo inaonyesha kila kitu kilicho chini yake, punje moja ya mchanga baada ya wiki inatokeza juu kama kipele, mstari wa gundi ya zamani unatokeza kama mshipa wa mkono.

Kwa hiyo mara ya pili nimekwangua karibu saa nzima kigae kimoja. Kukwangua, kupasha, kukwangua, mpaka mkono ukilalia zege hausikii kitu. Mabaki nikayafuta na thina kidogo kwenye kitambaa, madirisha wazi, jiko limezimwa kabisa maana mvuke wa thina unawaka, na nikaacha pakauke vizuri kabla ya kugusa gundi. Vishimo nikajaza ule unga wa kusawazishia sakafu, unaupaka mwembamba na kukaa mpaka ukauke wote. Hii sehemu haina picha nzuri ya kuweka kwenye boksi ndo maana hawaizungumzii, lakini kiukweli kazi nzima ni hii, kubandika ni dakika tano za mwisho.

Na ile pembe ya sinki? Niliipasha, nikaipaka gundi, nikaiwekea uzito, ikashika, baada ya siku nne ikanyanyuka tena. Nikarudia. Ikanyanyuka. Nikailaumu gundi. Shemeji akaniambia funika pale na nailoni, kipande cha nailoni angavu unabana kingo zote nne na tepu juu ya zege unaacha siku nzima na zaidi. Nimekuja kuangalia kesho yake, chini ya nailoni kuna matone kama kioo cha bafuni. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kiungio cha bomba chini ya sinki, tone tone, yanapita nyuma ya kabati yanaingia kwenye zege. Vinili haipitishi maji kwa hiyo unyevu ukishaingia chini hauna pa kutokea, unakaa pale unaiozesha gundi. Ningenunua gundi za dunia nzima. Tumekaza kiungio, tumeacha pembe wazi zaidi ya wiki na feni, tumepima tena na nailoni, kavu, ndo nikabandika. Mpaka leo imelala. Na kama unapiga deki na ile mashine ya mvuke, wacha, joto na maji kwa pamoja ndo hasa kile gundi isichokitaka.

Gundi niliyotumia mwisho ni ile ya kopo ya vinili, nyeupe kama maziwa, unaipaka na mwiko wa meno madogo. Kigae kilichoibwa hakina tena ile gundi yake ya kujibandika, usijidanganye kwamba imebaki ya kutosha. Halafu unasubiri. Inaanza nyeupe, inakuwa angavu, ukigusa na kidole inanata lakini haitoki na kidole, hapo ndo tayari, siku yenye unyevu inachukua muda mrefu zaidi. Ukiwahi inatoka kwenye viungio kama dawa ya meno (futa hapohapo na kitambaa kibichi, ikikauka utailaani). Kigae unakipasha kidogo kilegee, unaangalia mshale wa nyuma uelekee kama wenzake, unalaza ukingo mmoja kwanza umekutana sawasawa na jirani ndipo unakishusha kama unafunga kitabu. Usikisukume kwa kukiteleza, kinaikusanya gundi mbele. Mi sina rola, nimetumia chupa ya kioo nene, nimeiviringisha kutoka katikati kwenda nje kwa uzito wangu wote. Halafu uzito juu, na maji yasiguse pale kwa siku moja mbili.

Vile vigae vya kubana kimoja kwa kingine bila gundi sivizungumzii, vile ni lazima ufungue kuanzia ukutani mpaka ufike kwenye kibovu, na hii seti haina chochote cha kukusaidia huko zaidi ya mkwaruzo.

Kwa hiyo nyota tatu. Moja ya puti kwa mikwaruzo na vidoa, iko vizuri ukiwa na subira ya rangi. Moja ya zile karatasi za kukandamizia, wazo zuri kweli. Moja ya kisu. Wangetoa ile picha ya kava na kuongeza mstari mmoja tu kuhusu sakafu za zamani ningewapa tano. Kama una mikwaruzo nunua, kama kigae kimechanika hela yako ipeleke kwenye gundi ya kopo na skrepa nzuri, na uvute friji uone chini yake kuna nini. Uivute ukiwa umenyanyua mbele.

Shemeji amenipigia kuuliza kama bado nimekaa, nimemwambia nimekaa. Ameuliza kama nilifagia mara ya mwisho kabla ya gundi kama alivyoniambia. Nilifagia. Ila kuna kitu kidogo hapa chini, upande wa kushoto, kama punje, nimekuwa nakisikia tangu nianze kuandika na nilikuwa najifanya ni mshono wa suruali.